Mchanga Uliokuwa na Kiu

Jambo la mwisho la kawaida lililomtokea Silasi ni kununua chupa ya siki.

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwezi wa tisa, mwaka 1974. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeukalia mji wa Tabora kama unga, na jua lilikuwa linazama jekundu, halina makali. Dukani kwa Champaklal vilibaki vitu vichache: viberiti, kamba za katani, dawa ya viatu, siki. Sabuni hakuna. Sukari hakuna. Siki tele.

"Siki tena, Bwana Silasi?" Champaklal aliuliza akiipangusa chupa kwa kiganja. "Mtu anaishi peke yake, kila wiki siki. Kachumbari hiyo anakatiwa nani?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Champaklal akainama, akajifanya anatafuta gazeti la kufungia.

"Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi hauna mfupa."

"Si ya kachumbari," Silasi alisema. "Ni ya kupimia mchanga. Mchanga wa pwani ni makombe na matumbawe yaliyosagika. Ukiutia siki unatoa povu. Wa huku hautoi kitu. Wiki ya tatu sasa napita mitoni, sijauona."

"Mweupe? Una vipande vya simbi ndani yake?"

"Huo huo."

"Basi upo. Njia ya zamani ya misafara, upande wa mashariki, kama maili kumi na mbili. Nilikuwa napita pale na baiskeli enzi za marehemu baba, napeleka khanga. Nikauona, nikashangaa."

"Nani aliyeleta mchanga wa bahari mpaka huku?"

"Mimi nauza siki, bwana. Waulize wenyeji."

"Wako wapi wenyeji?"

Champaklal alicheka kidogo, bila furaha. "Ndiyo kazi iliyopo. Walihamishwa wote mwezi uliopita. Wako kijiji cha ujamaa."

Silasi akaweka chupa kwapani, akarudi nyumbani kwake, mtaa wa Cheyo, kabla giza halijaingia.

Alikuwa mkemia katika maabara ya maji, mzaliwa wa misheni ya Wamoraviani, msomi wa Makerere, mtu asiyeongeza neno pale ambapo tarakimu ilitosha. Miaka minane nyuma alikuwa amemwoa Swaumu, binti wa Bagamoyo, akamleta Tabora katika nyumba ya serikali yenye vyumba vitatu. Mwezi wa kwanza Swaumu hakulala. Hakuwa mgonjwa. Alikaa kitandani akisikiliza.

"Usiku wa huku hauna mshindo wa mawimbi," alimwambia. "Nangoja, nangoja, hakuna kinachorudi."

Basi Silasi akamtengenezea bahari. Aliunga vioo kwa fremu ya chuma, tangi la mita moja na nusu kwa nusu mita, akaliweka sebuleni. Maji yalikuja kwa treni katika madumu. Kaka zake Swaumu waliyateka wenyewe, na mchanga wakauchota mbele ya nyumba aliyozaliwa dada yao, magunia mawili. Samaki walikuwa saba. Swaumu alipoona pampu inaanza kupiga mapovu, alivuta mkeka akalala pale pale sakafuni, akaamka kesho yake saa nne.

Alikufa kwa homa ya siku nne, Aprili ya mwaka 1973. Aliomba mambo mawili.

"Nipeleke kwetu. Na bahari yangu usiiache ife."

"Nitakupeleka," Silasi alisema.

Lakini mvua za masika zilikuwa zimekata barabara na reli, na maiti ya Kiislamu haingoji. Swaumu alizikwa Tabora kabla ya adhuhuri. Ahadi ya kwanza ilizikwa naye. Ya pili ilikuwa bado inaogelea.

Sasa nayo ilikuwa inakufa. Mchanga ule wa Bagamoyo ulikuwa umeshiba uchafu wa miaka minane, umegeuka mweusi kuanzia chini, na ukiugusa ulitoa viputo vyenye harufu ya yai viza. Silasi aliijua gesi ile kwa jina na kwa fomyula yake. Samaki sita walikuwa wamekufa tangu Juni. Aliyebaki ni kitatange, yule wa mistari ya manjano aliyezoea kula vidoleni mwa Swaumu. Alikuwa anahema juu kabisa ya maji. Silasi alimpa siku nne, zikizidi tano.

Dawa yake ilikuwa moja, kubadilisha mchanga. Tena si wote. Katika mchanga mkongwe wa tangi wamo viumbe wasioonekana wanaosafisha maji, na ukiutoa wote umeua kila kitu. Theluthi moja huachwa iwe mbegu. Hayo yalikuwa kwenye daftari lake. Ambalo hakuliandika popote ni kwamba theluthi hiyo ilikuwa ndiyo ardhi pekee ya kwao Swaumu iliyokuwa imebaki karibu yake.

*

Jumamosi asubuhi Mussa alimpeleka kwa pikapu. Mussa alikuwa dereva wa idara, mtu wa makamo, mzaliwa wa Tabora, mwenye maneno mengi. Walipoacha barabara ya malori na kuingia njia ya zamani, maneno yakapungua. Walipoifikia mitaa iliyohamwa, yakaisha.

Nyumba zilikuwa zimevuliwa mapaa. Mihogo imesimama shambani, haina mwenyewe. Mlango mmoja uliachwa wazi, unagongagonga kwa upepo, ingawa nyumba yake haikuwa na kuta za kutosha kuhitaji mlango.

Mchanga ulikuwa nje kidogo ya mitaa, umetandazwa eneo la ukubwa wa jamvi. Mweupe. Miti ya miyombo ilikuwa inapukutisha majani kila upande, lakini juu ya mchanga hapakuwa na jani. Hapakuwa na unyayo wa ndege. Sisimizi walikuwa wamechora njia yao kuuzunguka, wala hawakuukata.

Silasi alipiga magoti, akamimina siki.

Povu likapanda papo hapo. Na sauti... ssss... kama pumzi ya mtu aliyeguswa usingizini.

"Ni wenyewe!" alisema. Hakuwa amefurahi namna ile kwa mwaka na nusu. "Mussa, lete madebe. Nahitaji manne."

Mussa alikuwa ameegemea mlango wa gari. "Debe likijaa nitabeba, mzee. Kuchota sichoti."

"Kwa nini?"

"Mgongo."

"Mgongo gani unaoruhusu kubeba ukakataza kuchota?"

"Huo huo, mzee."

Silasi akachota peke yake. Alikuwa katika debe la pili alipohisi kivuli. Bibi kizee amesimama nyuma yake, mwembamba, rozari shingoni, mtwangio mkononi. Hakumsikia akija.

"Shikamoo, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kinyamwezi.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Pelagia, nyumba yangu ilikuwa ile yenye mlango. Nimefuata mtwangio wangu, kule tulikopelekwa hawakutupa." Akatazama madebe. "Hawa unawapeleka wapi?"

Silasi alidhani kizee kachanganya maneno. "Mchanga huu? Naupeleka nyumbani kwangu, mjini."

"Nyumbani kuna maji?"

"Yapo."

"Maji gani?"

"Ya chumvi. Ya baharini. Ninayo katika tangi la kioo."

Mtwangio ulimponyoka Pelagia ukaanguka. Akapiga magoti ubavuni mwa Silasi, akaanza kuchota kwa mikono miwili, haraka haraka, machozi yanamtoka na huku anacheka.

"Wamengoja sana... sana... Babu yangu yumo humu. Alianguka kabla ya kulimaliza pori, akiwa na pembe ya ndovu begani. Chota, mwanangu. Chota wote. Usimwache mtu."

Debe la nne lilipojaa, pale mahali palikuwa udongo mwekundu mtupu. Silasi alikuwa amepiga hesabu ya madebe manne nyumbani, kwa rula, kabla ya kuuona mchanga wenyewe. Yakatosha manne. Haikupungua konzi. Haikubaki konzi.

Kizee aliwasindikiza mpaka kwenye gari. Akawaaga kwa Kinyamwezi, lakini macho yake hayakuwa kwa Silasi wala kwa Mussa. Yalikuwa nyuma, kwenye madebe.

Njiani Mussa alifungua mdomo mara moja tu.

"Mzee, wewe ni wa misheni, hukuambiwa. Zamani kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mwanamume mpaka afike pwani na mzigo begani. Aliyekufa njiani, wenzake waligawana mzigo wake wakasonga. Wakirudi walimletea mama yake konzi moja ya mchanga wa bahari. Ndiyo maiti yake hiyo. Ila nyumbani hauingii. Aliyekwenda pwani asifike, mlango wa kwao haumjui. Konzi yake inamwagwa nje ya mitaa, akae na wenzake."

"Konzi moja kwa mtu mmoja?"

"Kwa mtu mmoja."

Akili ya Silasi ilifanya kazi yake kabla hajaizuia. Debe moja, konzi mia na ishirini. Madebe manne...

Mia nne na themanini.

"Hizo ni hadithi, Mussa," alisema. Kisha akafikiria kitatange anavyohema, akasema tena, polepole zaidi, "Ni hadithi tu."

Mussa alishusha madebe barazani, akakataa chai, akaondoka akiwa amefungua vioo vyote vya gari.

*

Saa kumi alasiri Silasi alianza kazi. Alinyonya maji ya tangi kwa mpira mpaka kwenye pipa, ili yarudishwe baadaye. Akamhamishia kitatange kwenye beseni. Akauchota mchanga mweusi kwa sahani, taratibu, akiziba pua kwa bega, hadi ikabaki theluthi moja kwenye pembe ya tangi inayoelekea mashariki. Akasimamisha kipande cha kioo kati, kuikinga.

Kisha akaenda barazani kuuosha mchanga mpya.

Mchanga huoshwa hivi: unamimina maji, unakoroga, yanachafuka, yanafurika, unamwaga, unarudia mpaka yawe meupe. Silasi alimimina ndoo ya kwanza kwenye debe la kwanza.

Maji hayakufurika.

Akamimina ya pili. Maji yaliingia, yakasikika yanashuka... glu... glu... glu... na uso wa mchanga ukabaki mkavu.

Debe la mchanga hupokea lita saba za maji, basi. Hilo lilipokea ishirini na nne. Alilinyanyua akatazama chini yake. Halikuwa na tundu. Sakafu ilikuwa kavu. La pili likapokea ishirini na nne. La tatu. La nne. Silasi aliandika tarakimu hizo kwenye daftari, moja chini ya nyingine.

Angeweza kuacha hapo. Lakini kwenye beseni kitatange alikuwa amelala ubavu.

Akaumwaga mchanga tangini kupitia bomba pana, ili usitimue vumbi. Akausawazisha kwa rula. Akarudisha maji juu ya sahani, kidogo kidogo, akatia alama kwa kalamu ya nta mahali yalipofika. Akawasha pampu. Akamrudisha samaki.

Kazi ilikuwa nzuri. Chini peupe kama shuka, pembeni weusi wa Bagamoyo nyuma ya kioo chake. Ilikuwa saa moja kasoro robo, nuru ya mwisho inaingia dirishani.

Kitatange hakushuka. Alijibana kwenye pembe ya mashariki, juu ya mchanga wa zamani, akawa anatazama ule mpya kwa jicho moja.

Silasi alinawa mikono. Aliporudi, maji yalikuwa yamepungua vidole viwili chini ya alama.

Akapapasa kila ungio. Kavu. Akapapasa sakafu. Kavu. Akasogeza uso karibu na kioo.

Mchanga alioulaza kwa rula haukuwa laini tena. Ulikuwa na vishimo. Vidogo, kama ncha ya kidole gumba, viwili viwili, kimoja mbele kimoja nyuma. Safu baada ya safu. Vyote vinaelekea mashariki.

Akatazama. Kishimo kimoja kikajitokeza mbele ya macho yake. Halafu cha pili, mbele ya kile cha kwanza.

Umeme ukakatika.

Pampu ikanyamaza. Kwa miaka minane pampu ile haikuwa imenyamaza nyumbani humo giza likiingia, na sasa Silasi akasikia kilichokuwa chini ya sauti yake.

Njuga.

Njuga za miguuni, mbali, kama zinakuja kutoka upande wa pili wa mji. Chiki... chiki... chiki... Kisha karibu. Kisha barazani. Kisha hazikuwa nje.

Harufu ikaingia. Jasho la watu wengi. Tumbaku ya msokoto. Ngozi mbichi ya ng'ombe. Silasi alitafuta kiberiti mfukoni, akakiwasha, kikazimika. Akawasha cha pili. Kikazimika kama kimepuliziwa.

Hakuwasha cha tatu.

"Tumefika?" mtu alinong'ona.

Mwingine akajibu, kwa sauti kavu, sauti ya koo lisilopata maji siku nyingi. "Chumvi ipo. Onja."

Maji yakasikika. Si ya kumwagika. Ya kunywewa... na vinywa vingi.

"Mshindo haupo," akasema wa tatu. "Hii si bahari."

"Bado, basi."

"Bado."

Mnong'ono ukapita sebuleni, ukaingia korido, ukatokea jikoni, mdomo kwa mdomo. Bado... bado... bado... Nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa imejaa mpaka ukutani. Silasi alihisi joto la miili kila upande wake, wala hakuna aliyemgusa.

"Njia anaijua nani?"

Hakuna aliyeijua. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefika mwisho wake.

Ndipo sauti ikatoka kwenye pembe ya mashariki ya tangi, nyuma ya kipande cha kioo, laini, yenye lafudhi ya Bagamoyo.

"Mimi naijua."

Silasi aliinamia tangi.

"Swaumu?"

"Bwana'ngu. Umeniletea wageni."

Hakulia. Alikuwa amelia mwaka na nusu, peke yake, mlango umefungwa, na sasa aliposikia sauti ile machozi hayakuja. Ilikuja hofu. Kwa sababu alikisikia kile kipande cha kioo kinaanza kusukumwa.

Kkkrr...

"Wao wana miguu, njia hawaijui," Swaumu alisema. "Mimi njia naijua, bwana'ngu, miguu ndiyo sina. Waache wanichukue."

Kioo kikaanguka ndani ya tangi. Silasi alitumbukiza mkono mpaka begani. Maji yalikuwa yamebaki kidogo tu. Vidole vyake vikapita kwenye mchanga mpya, nao ulikuwa na joto, unasogea, unasogea wote kwa pamoja kama watu kwenye mlango mwembamba. Akaufikia ule wa zamani. Ulikuwa unachanganyika tayari. Akakamata alichoweza, konzi moja, akafumba ngumi, akautoa mkono.

Kila kitu kikasimama.

Njuga, pumzi, maji. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele, maana kilikuwa kimemgeukia yeye.

"Fungua mkono," Swaumu alisema. Sauti haikutoka tena kwenye tangi. Ilitoka ndani ya ngumi yake.

"Siwezi."

"Fungua, Silasi. Wanangoja."

"Nitakupeleka mwenyewe."

"Uliniambia hivyo."

Maneno hayo yalisemwa bila hasira. Silasi alitamani yangekuwa na hasira.

"Safari hii nitakupeleka kweli."

"Lini?"

Na yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno ya hakika, akajibu kwa hakika. "Desemba. Likizo yangu ni Desemba."

Mtu mmoja gizani akacheka, kicheko kifupi, kikavu. Akacheka wa pili. Kicheko kikapita korido, kikafika jikoni, kikarudi, mpaka nyumba nzima, mia nne na themanini, ikawa inacheka polepole bila pumzi.

Halafu kikakatika, na mdomo mmoja ukaja karibu kabisa na sikio lake. Ulinuka vumbi.

"Na sisi tulisema tutafika kabla ya mvua."

"Yeye ni mke wangu," Silasi alinong'ona.

"Ni wako. Hatukunyang'anyi. Beba, basi."

Kitu kikawekwa begani kwake, bega la kulia. Kizito. Kirefu, kimeviringishwa ngozi yenye manyoya makavu yaliyomchoma shingo. Kikamshusha mpaka sakafuni. Akajaribu kukitupa, na mikono mingi, myembamba, ikakishika nyuma yake, ikakisawazisha, kwa upole, kama wanavyofanyiwa wageni wa kazi.

Hakukiona. Wala hakufungua ngumi.

Alipiga magoti hivyo mpaka jogoo wa jirani alipowika.

*

Asubuhi ya Jumapili Silasi alisimama. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, komeo limevutwa kwa ndani. Sakafu ilikuwa safi, haina hata punje. Tangini hapakuwa na maji wala mchanga, mweupe au mweusi. Kitatange alikuwa amelala juu ya kioo kitupu, mkavu kama ng'onda, kana kwamba alianikwa juani mwezi mzima.

Akaenda kwenye kioo cha chumbani, akavua shati kwa mkono mmoja. Bega la kulia lilikuwa na sugu. Sugu nene, ya manjano, yenye nyufa, ya mtu aliyebeba mizigo miaka thelathini. Alichukua rula akaipima. Sentimeta tisa kwa tano.

Ngumi haikutaka kufunguka, naye hakuilazimisha.

Akaandika barua ya ofisi kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda kama za mtoto: *Naomba likizo ya dharura. Msiba.* Akaiacha mezani. Akavaa viatu vyake vya shambani, akajaza maji kwenye kibuyu, akafunga mlango, akatoka.

Kengele ya kanisa ilikuwa inalia. Alipita mbele ya stesheni wala hakuingia. Treni ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa jioni, alijua, na alijua nauli yake. Lakini miguu haikugeuka, naye aligundua kwamba alikuwa amejua tangu alfajiri kuwa haitageuka.

Kwenye nyumba za mwisho, pale njia ya zamani inapoachana na lami, mwanamke mmoja aitwaye Josepha alikuwa anafagia mbele ya kibanda chake. Njia hapo ni nyembamba, ukuta huku na mtaro huku.

"Habari za asubuhi, mzee. Mbona mapema? Wapi?"

"Pwani."

"Kwa miguu?" Akaanza kucheka. Kisha kicheko kikamwishia usoni. Akavuta ufagio kifuani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akapisha.

Silasi alipita. Akahesabu hatua zake, ili awe na kitu cha kuhesabu. Kwenye hatua ya mia mbili aligeuka.

Josepha alikuwa bado amejibanza ukutani, ufagio kifuani, akiwa amekunja hata vidole vya miguu, na macho yake yalikuwa yanakwenda taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, kushoto kwenda kulia, kama ya mtu anayepisha msafara usiokwisha.

Silasi hakugeuka tena. Bega la kulia lilikuwa linauma. Akahamishia mzigo asiouona bega la kushoto, akaongeza mwendo.